Mama Mchungaji Akija Kununua Gari

Akiingia yadini hakuangalia magari. Alitafuta kiti.

Mimi ningekuwa nimesimama kando ya gari, kitambaa mkononi, tayari kulisifu. Yeye angepita katikati ya boneti zilizong'arishwa kama mtu anayekatiza shamba la jirani bila kugusa hindi hata moja, aende moja kwa moja hadi kibandani kwangu, avute kiti cha plastiki, akae, aweke kikapu katikati ya miguu, kisha aanze kuniuliza habari za nyumbani. Mteja aliyemleta, kwa kawaida kijana aliyekuwa hajalala kwa hamu, angebaki nje hajui mikono aiweke wapi. Nami ningejua kwamba faida ya siku hiyo imeingia mashakani.

Ninauza magari ya mbio yaliyotumika, Makutano, hapa mjini Meru. Mtu wa mbali hudhani magari kama hayo hayana soko kwa watu wa chai na ndizi. Aje aone. Wapo vijana wa miraa, wapo wahandisi na wauguzi, na yupo mwalimu mkuu mmoja aliyenunua la manjano akawa analificha kwa dada yake ili wazazi wa shule wasimwone nalo. Gari la mbio halihitajiwi na mtu. Linatakwa tu, na mtu anayetaka kitu ni rahisi sana kumuuzia. Hapo ndipo sisi wenye yadi tulipopatia riziki, na hapo hapo ndipo mwanamke huyu alipoamua kuja kuketi.

Tulimwita Mama Mchungaji kwa sababu mumewe aliongoza kanisa huko Ruiri. Hata kwenye simu yangu ameandikwa hivyo. Sikuwahi kusikia akiitwa vingine, na sikuwahi kuuliza.

Aliingia katika kazi hii ya kusindikiza wanunuzi kwa hasira. Kijana mmoja wa kwaya yao alinunua gari la rangi ya kupendeza, si kwangu, naomba hilo lieleweke, nalo likazima kabla hajafika nyumbani, likavutwa na trekta hadi mbele ya kanisa, watu wote wakiona. Jumapili hiyo, baada ya ibada, Mama Mchungaji aliwauliza akina mama wenzake jinsi jambo kama hilo lilivyowezekana. Ng'ombe tunajua kununua, aliwaambia. Mtu akija kuposa tunajua kuuliza habari zake mpaka kwa babu. Ni gari ndilo litushinde? Wiki iliyofuata kijana mwingine alipotaka kununua, yeye alivaa sweta yake ya kijani akaandamana naye hadi yadini kwangu.

Nilikuwa bado mgeni katika biashara, lakini mdomo nilikuwa nao. Gari lenyewe lilikuwa la bluu, lenye turbo, na spoila nyuma pana kama benchi. Nililieleza vizuri, kisha nikataja bei. Mama Mchungaji alinitazama kwa makini na upole mwingi, kama mtu anayesikiliza hadithi iliyofika mahali patamu.

"Endelea, mwari wakwa," akasema. Binti yangu, kwa Kimeru.

Nilifikiri hakusikia, nikarudia bei.

"Nimesikia. Endelea."

Sasa mtu anaendelea na nini baada ya bei? Nikaanza kueleza kodi ya bandarini, nikaeleza tairi, kisha nikajisikia nikisema kwamba kwa kuwa wametoka mbali ningeweza kuwafikiria kidogo. Akatikisa kichwa kukubali, akangoja. Kimya chake hakikuwa cha ukali. Kilikuwa kama cha mama anayemngoja mtoto amalize kunywa dawa. Nikawafikiria tena. Walipoondoka na lile gari la bluu, nilikaa nikahesabu, nikagundua kuwa nilikuwa nimejipunguzia bei mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na yeye hakuwa ametaja hata shilingi.

Wateja wake aliwapa sheria moja tu: wasikae karibu. Kulikuwa na kijana kutoka Mitunguu, mkulima wa ndizi za kumwagilia, aliyelipenda gari jekundu kiasi kwamba hakuweza kufunga mdomo. Meno yalikuwa nje muda wote. Mama Mchungaji alimwambia mbele yangu, bila kuona haya, "Uso wako unaongeza bei. Nenda kaangalie ile pickup." Kijana akaenda kuzunguka pickup kuukuu iliyokuwa pale pembeni, akiigusagusa, lakini macho yakirudi kwenye jekundu kila baada ya muda. Baba yake alikuwa ametaka anunue pampu badala ya gari. Mama Mchungaji mwenyewe alikuwa upande wa baba, na aliniambia hivyo. Basi akalishusha lile gari hadi pesa iliyobaki ikatosha pampu, akamkabidhi kijana vyote viwili, ufunguo na ushauri, na mimi nikabaki nimesimama pale kama mtu aliyesukumwa na upepo.

Kuhusu zile habari za nyumbani, kwa muda mrefu niliamini ni ujanja. Ukimwambia mtoto anaingia kidato cha kwanza, ameshajua kwamba unahitaji kuuza mwezi huu. Ukimwambia mvua imeharibu maharagwe, ndiyo hivyo tena. Nikaanza kumjibu kwamba kila kitu ni kizuri tu, Mungu ni mwema. Kisha binti yangu akalazwa kwa homa ya mapafu. Siku ya pili nilimwona Mama Mchungaji akiingia wodini na chupa ya uji, ametoka Ruiri asubuhi. Alikaa nami hadi jioni, akamsuka mtoto nywele, na neno gari halikutoka kinywani mwake. Wiki chache baadaye alikuja yadini na mteja, akaniuliza kwanza kuhusu kifua cha mtoto, akafurahi kweli kusikia amepona, kisha akanishusha bei hadi mfupa. Siku hiyo nikaacha kujiuliza ni upendo au ni ujanja. Alikuwa navyo vyote viwili, na havikugombana.

Uongo hakuusema. Wanunuzi wengine hulitukana gari ili lishuke: rangi imepauka, injini inakohoa, huku moyoni wanalitamani. Yeye kama tairi ni mpya angesema ni mpya, hata kama ilimuumiza. Nilimuuliza sababu, akanijibu kwamba akilitukana gari leo, kesho anampelekea mtoto wa watu gari alilolitukana kwa mdomo wake. Na akisema anaondoka, anaondoka. Wengine huenda hatua kumi wakigeuza shingo. Yeye angebeba kikapu, aage, apande gari la kwenda Ruiri, na ningekuwa mimi wa kupiga simu alasiri nikimwomba arudi.

Ila alikuwa na mambo yake. Aliwahubiria vijana kila mara juu ya mwendo, kwamba gari likijua kukimbia basi mwenyewe ajue kusimama. Lakini tukitoka kulijaribu gari kwenye barabara ya kwenda Isiolo, pale inaponyooka, angekaza mkanda, atazame mbele na kusema kwa sauti ya chini, "Kanyaga kidogo tusikie." Ningekanyaga. "Kidogo tena." Tulirudi yadini mashavu yake yakiwa yamewaka, naye akisema, kwa uso wa kanisa, kwamba gia zinaingia vizuri.

Pia hakuwahi kubishana bei na wale akina mama wanaouza ndizi nje ya lango langu. Alilipa walichosema. Siku moja nilimtania kwamba hapo Meru nzima imempata. Akaniambia, "Yule amebeba mzigo. Wewe mzigo ndio umekubeba."

Malipo hakuchukua, wala kwa mnunuzi wala kwa muuzaji. Alichotaka ni maombi. Bei ikishakubaliwa, kabla ya kutia sahihi, alituinamisha vichwa wote, mikono juu ya boneti. Jirani yangu mwenye yadi ya pili alikuwa akicheka sana nikimsimulia, hadi zamu yake mwenyewe ilipofika. Anasema maombi yalianza vizuri, yakashukuru kwa mvua na kwa serikali, kisha Mama Mchungaji akasema kwamba kama kuna kitu ndugu yetu amesahau kutuambia kuhusu gari hili, Bwana amkumbushe kabla hatujasema amina. Halafu akanyamaza. Jirani yangu ni mtu mzima, mwenye wajukuu. Anasema alisimama pale macho yamefungwa, jasho likimtoka, hadi akakumbuka tundu la rejeta lililokuwa limezibwa kwa gundi. Wakaanza bei upya.

Hayo yote niliyajua, na ndiyo sababu niliposikia kuhusu gari la Kiritiri nilimpigia simu yeye.

Broka mmoja wa Embu alikuwa ameniambia kwamba huko Kiritiri, katika joto la Mbeere, kuna gari jeupe la milango miwili la aina ambayo wakusanyaji wa magari huitafuta nchi nzima, limelala katika banda la mbuzi. Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa mchanga. Alilinunua siku zilipokuwa nzuri, akaliendesha kwa furaha kwa muda mfupi, kisha akafariki. Sasa mjane wake alitaka kuliuza. Nilipotumiwa picha sikuweza kukaa chini. Nilijiangalia kwenye kioo cha gari nikaona uso ule ule wa kijana wa Mitunguu. Nikaelewa kuwa nikienda peke yangu, nitalipa chochote nitakachoambiwa.

Mama Mchungaji alikubali kwa sharti moja, kwamba bei asiyoweza kuiombea hataifunga. Nilikubali bila kufikiri. Nilidhani sharti hilo linamhusu muuzaji.

Tulishuka Embu, tukaendelea kushuka, sweta ya kijani ikavuliwa, madirisha yakafunguliwa. Mwenyeji wetu, yule mjane, alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye haraka ya kazi. Alitupa chai, akatupeleka bandani, akawafukuza mbuzi. Gari lilikuwa na vumbi la kidole kizima na alama za kwato juu ya boneti, lakini rangi ilikuwa ile ya kiwandani, na injini haikuwa imeguswa na fundi yeyote. Logbuku, hati ya umiliki, ilikuwa tayari kwa jina la mjane mwenyewe, kila kitu sawa. Nilienda nikajifanya naangalia mbuzi.

Tuliporudi kivulini, mjane alisema anachotaka ni tangi la maji na mbuzi wa kurudishia wale waliokufa kwa kiangazi. Akataja bei. Ilikuwa bei ya pikipiki mbili kuukuu.

Nilificha uso wangu kwenye kikombe cha chai. Mama Mchungaji alimtazama yule mwanamke kwa upole wake.

"Endelea," akasema.

Mjane akatazama chini. Akafikiri kidogo, akapunguza.

Mama Mchungaji alinyoosha mkono akamshika kiganja. "Hapana, mama. Unaenda upande mbaya. Panda."

Nilimvuta nguo. Alinigeukia, akaniambia kwa Kimeru, kwa sauti ambayo mwenyeji wetu asingeweza kuikosea hata kama hakuelewa maneno, kwamba nilimleta kutafuta bei na anaitafuta. Kisha akarudi kwenye Kiswahili na kuniuliza, mbele ya yule mwanamke, "Hii gari ukiiweka kwako Meru, utaiuza pesa ngapi?"

Hakuna swali gumu kuliko hilo katika biashara yetu. Mbuzi walikuwa wakikwaruza mabati. Niliangalia mikono ya mjane, iliyopasuka kwa kazi, na mikono ya Mama Mchungaji iliyokuwa bado imeishika. Nikasema ukweli. Mjane alikaa akinitazama. Tukaanza kutoa gharama pamoja, sisi watatu: lori la kulibeba, matengenezo, muda litakaokaa yadini, na faida yangu, ambayo Mama Mchungaji aliitetea vizuri, akimweleza mjane kwamba na mimi nina watoto. Bei tuliyofika ilikuwa mara nyingi ile ya kwanza. Nilikuwa nimekasirika, na pia, sijui niseme vipi, nilikuwa nimepumua.

Chai haijaisha, wakaingia mabroka wawili wa kutoka Nairobi, miwani ya jua, funguo zikizungushwa kidoleni. Langoni, mjane alipokwenda kuwapokea, tayari walikuwa wamemwambia kwamba gari hilo ni chuma chakavu, ila watamsaidia, na wakataja kiasi kidogo kuliko hata ile bei yake ya kwanza. Walipoketi na kutuona, wakauliza tumetoa ngapi. Mjane akawaambia. Wakatazamana, na hapo hapo wakapita juu yetu, kwa kiasi ambacho mimi nisingekifikia bila kuuza kitu kingine. Pesa wanayo mfukoni, walisema, ahesabu tu.

Nilijua gari limekwenda. Mjane alimgeukia Mama Mchungaji akamuuliza afanye nini. Nilitamani aseme neno moja tu kwa ajili yangu. Alisema gari ni lake, amuuzie anayetaka, na sisi tutaondoka kwa amani.

Mjane alimalizia chai yake. Kisha akawaambia wale wanaume, bila hasira, "Hawa walinipandisha nikiwa peke yangu. Nyinyi mmenipandisha kwa sababu wao wako hapa." Akasimama, akachukua logbuku kutoka mezani, akaiweka mapajani mwangu.

Mabroka waliondoka wakitimua vumbi. Nilikuwa nataka kucheka na kulia. Mama Mchungaji akaniegemea sikioni. "Ongeza kidogo," akasema. "Asipate hasara kwa kutuheshimu." Niliongeza, na safari hii sikumvuta nguo. Ndipo tukainamisha vichwa, mikono yetu mitatu juu ya alama za kwato, na maombi yalikuwa mafupi kwa sababu hakuna aliyekuwa na kitu cha kukumbushwa.

Gari lile lilipanda lori soko zima la Kiritiri likitazama, wauza mkaa na wauza mbuzi, wakishangilia kana kwamba ni bibi harusi anayeondoka. Daktari mmoja wa Embu alilinunua kabla sijamaliza kuliosha, kwa bei ambayo sikuwa nimewahi kuiandika kwenye karatasi. Mjane alipata tangi lake na zizi likajaa. Lakini ushindi mkubwa ulikuja polepole. Simu zilianza kuingia kutoka Mbeere, kutoka Runyenjes, kutoka kwa watu nisiowajua, wakisema wana gari la kuuza na wameambiwa waanze na yule mwanamke wa Meru anayetaja bei yake halisi. Mabroka wa Nairobi walifika wakakuta nimeshaitwa. Nikakodi kiwanja cha pili. Yadi yangu ilipanuka kwa sababu ya siku niliyopandishiwa bei na mtu niliyemleta aishushe.

Nilimwona tena Mama Mchungaji mwaka huu, mvua za masika zilipokwisha. Hakuja na kijana. Alikuja na mwanamume mfupi, suti ya kijivu, kofia mkononi, ambaye sikuwa nimewahi kukutana naye. Ndiye mchungaji mwenyewe. Alikuwa amestaafu, na waumini pamoja na watoto wa mzee mwenyewe walikuwa wamewachangia wanunue gari la uzeeni. Nilimwonyesha magari ya heshima, marefu, yenye viti vya nyuma vya wajukuu. Aliyashukuru moja moja. Kisha akasimama mbele ya gari la rangi ya fedha la milango miwili, paa limelala chini, akaligusa juu ya taa kwa vidole viwili.

Aliniuliza bei yeye mwenyewe.

Nilimtazama Mama Mchungaji nikingoja. Alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, kikapu mkononi, akiangalia viatu vyake. Nilizunguka upande wake nikijifanya nachukua ufunguo, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama hana la kusema.

"Mzee ameomba anunue kitu chake kwa mdomo wake," akaniambia. "Miaka yote namnunulia hata soksi. Niache leo nimwone."

Nikarudi kwa mchungaji. Nilitaja bei ambayo kwa kawaida huwa nataja mwisho kabisa, nikiwa nimechoka na mteja ameshika mlango. Mchungaji alivuta pumzi. Alisema ni gari zuri sana. Alisema ana hakika lina thamani hiyo. Kisha akapangusa paji la uso, akajikaza, akauliza kama ningeweza kumpunguzia kidogo, kama si usumbufu.

Nilikunja uso. Nilizunguka gari lote nikipiga mahesabu kwa sauti, nikalalamikia kodi, nikalalamikia dola. Yeye alisimama imara, kofia imekandamizwa kifuani. Mwishowe nikasema ameniweza, nikapunguza, na faida iliyobaki isingenunua tairi moja.

Mchungaji alimgeukia mkewe. "Umeona?" akamwambia. "Mnasemaga ni kazi ngumu."

"Nimeona, mzee," akajibu Mama Mchungaji. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na alinishika mkono chini ya kikapu, akaukaza hadi vidole vikaniuma.

Wakaingia. Mchungaji aliwasha, injini ikanguruma, akashtuka, akacheka. Walifika langoni kwa gia ya kwanza, polepole kama maandamano. Hapo akasimamisha gari, akashusha kioo, akamwita mlinzi wangu aje karibu, nikamsikia akimwelezea, tangu mwanzo, bila kuruka neno, jinsi alivyonishusha bei.